Tovuti Isiyohesabu Watu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Bosa, limeegemea ukuta wa nyumba ya jumuiya ya Wayahudi, upande unaopata jua la jioni. Sinagogi kubwa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Siku hizi pale watu wanaegesha magari, na sisi tunasalia kwenye chumba kimoja cha nyuma, jirani na jiko. Bosa si wa kwetu, ila kahawa yake ni ya wote. Anaichemsha kwenye kibirika cha shaba, anaiacha itulie, na ole wako uikoroge. Wanaokaa hapo ni walewale kila siku. Yupo Balozi, makamu mwenyekiti wa jumuiya, aliyewahi kuwa bawabu wa ubalozi mmoja kule Belgradi na mpaka leo anazungumza kana kwamba bado analinda mlango. Yupo Mirko Nyuki, katibu wa chama cha wafuga nyuki, mtu wa kanisa la Mtakatifu Nikola, anayedai anafuata kahawa tu. Yupo Ferika Kondakta, mstaafu wa reli, mgane. Na mimi, Dozi, kwa kuwa nilikuwa mfamasia.

Jioni moja ya Oktoba Ferika alitokea amevaa suti.

— Umependeza, Kondakta, nikamwambia. Leo unakata tiketi za nani?

— Za Magda.

Nilijuta utani wangu. Ilikuwa inaingia kumbukumbu ya pili ya kifo cha mkewe. Kwetu siku huanza jua likizama, kwa hiyo siku ya Magda ilikuwa inaanza jioni ileile, na Ferika alitakiwa kumsomea Kadishi, sala ya mfiwa. Sala hiyo mtu haisemi peke yake. Lazima wawepo wanaume kumi wa kwetu, wasipotimia, haisemwi. Mwaka jana hawakutimia. Tulikaa ndani tukisikiliza kila gari linalopita, mpaka Bosa akafunga kibanda. Ferika akafunga kitabu, akasema, "Haya, asanteni kwa kuja," akaenda zake. Sijawahi kuona mtu akivaa koti polepole vile.

— Mwaka huu hamna wasiwasi, akasema, akitoa simu mfukoni. Oneni wenyewe. Taa ni ya kijani tangu mchana.

Kweli, ilikuwa ya kijani. Alikuwa amekuja hata na chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, na keki ya mbegu za mpopi, za baada ya sala.

Taa hiyo ni kazi ya Vera Rajs, wa kwetu pia, tunayemwita Waya. Alitumikia kompyuta za benki mpaka akastaafu, na badala ya kukaa nyumbani afume sweta, akaanza kutengenezea tovuti kila chama cha hapa mjini kisicho na mbele wala nyuma: wafuga nyuki, zimamoto wa kujitolea, kwaya ya akina mama, banda la mbwa wasio na wenyewe. Anafanya bure. Umpe kahawa tu, na usithubutu kumwambia aongeze rangi kidogo. Ya jumuiya yetu aliombwa na Magda, maana walikuwa wakiimba pamoja kwenye kwaya. Magda alichoka kuona wageni wanatoka mbali kutafuta makaburi ya babu zao, wanafika hapa wanakuta kufuli. Tovuti ilipofunguliwa yeye alikuwa hospitali. Aliitazama kwenye simu ya muuguzi, akasema, "Nzuri, ila picha ya mlango imepinda." Vera hajainyosha hadi leo.

Baadaye Vera akaongeza ukurasa wa sala. Ulikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa "Nitakuja", na juu yake namba ya waliobonyeza. Hiyo namba ndiyo iliyoleta kizaazaa, mpaka ikaondolewa, ikawekwa taa. Nyekundu maana yake bado. Kijani maana yake njooni, tumetimia.

Vera mwenyewe akafika, kompyuta kwapani, akajipenyeza kati yangu na Mirko.

— Dada Vera, Ferika akasema, Mungu akupe afya. Mwaka huu umenitoa kimasomaso.

— Usinishukuru mimi. Shukuru waliobonyeza.

— Hebu nieleweshwe, Mirko akadakia. Tovuti yetu ya nyuki, kazi ya huyuhuyu Vera, ina namba kila mahali. Wanachama themanini na tatu. Mizinga elfu na ushee. Yenu ina taa kama ya kuvukia barabara. Mna nini nyinyi watu?

— Binadamu hahesabiwi, Balozi akasema. Kwetu humnyooshei mtu kidole ukasema wewe wa kwanza, wewe wa pili. Mfalme mmoja wa zamani alihesabu watu wake, tauni ikawafyeka.

— Tauni ililetwa na viroboto, nikasema. Nimeisomea hiyo.

— Na viroboto waliletwa na nani, Dozi?

— Panya.

— Na panya?

— Kunywa kahawa yako, Balozi.

— Bibi yangu, Ferika akasema, akitaka kujua kama wajukuu wote wako mezani, alikuwa anapita nyuma yetu anasema: si mmoja, si wawili, si watatu, si wanne.

— Sasa si ni kulekule kuhesabu? Mirko akauliza.

— Ni kulekule. Lakini husuda ikisikia, inadhani hatupo.

— Nilimwambia Balozi, Vera akasema. Nilimwambia, basi niandike "si saba". Wakiongezeka naandika "si wanane". Akakataa.

— Dunia nzima inasoma! Balozi akang'aka. Mtu afungue tovuti ya jumuiya yenye heshima zake akute "si saba"? Si wangetuona tumeshikwa na homa?

— Mimi mizinga yangu siifungui kuhesabu nyuki, Mirko akasema. Naipima kwenye mizani. Tia mizani chini ya sakafu ya hicho chumba chenu. Ikifika kilo mia nane, anzeni kusali.

— Lacko, mnene wetu, peke yake ni watu wawili, nikasema.

— Na Kondakta tangu afiwe hafiki nusu mtu, Mirko akajibu. Inajisawazisha.

— Mnaongea ovyo, Balozi akasema. Jambo jepesi kabisa hili. Mnahesabu viti.

— Viti?

— Viti vitupu! Kiti si mtu. Mle ndani tuna viti kumi na vinane. Tovuti iandike: vitupu ni vinane. Hakuna binadamu aliyeguswa.

— Kumi na nane ukitoa nane... Mirko akaanza.

— Usitoe! Kutoa ni kuhesabu kwa mlango wa nyuma!

Bosa akatoa kichwa dirishani.

— Mimi nahesabu vikombe, na hapo kuna vikombe ambavyo bado havijalipiwa.

Tulitazama kwingine. Mirko, ambaye hawezi kuacha jambo likiwa limeninginia, akarudi palepale.

— Basi namba acheni. Si muweke majina? Kila anayekuja aandike jina lake, mnasoma, mnajua nani yupo nani hayupo. Ndivyo tunavyofanya sisi siku ya kuvuna asali.

Balozi aliweka kikombe chini ya benchi kabla hajajibu.

— Wakati wa vita walishatuandika majina, akasema. Kwa mpangilio mzuri sana, na mihuri. Baba yangu aliiona hiyo karatasi. Alisema hata namba za nyumba hawakukosea.

Mirko akajifuta mdomo, akasema samahani kwa sauti ya chini. Pale tunapokaa sisi hakuna asiyejua Wayahudi waliopelekwa stesheni, wasirudi, walipita barabara ipi. Ni hiihii.

Vera ndiye aliyetuamsha. Yeye akikaa kimya anapiga hesabu.

— Hebu ngojeni kwanza, akasema. Namba mlikataa. Majina mkakataa, na mimi nilikubaliana nanyi. Kwa hiyo hiyo taa haimjui mtu. Kitufe kikibonyezwa mara kumi, samahani Balozi, inageuka kijani. Basi. Amebonyeza nani, haijui. Nilidhani mtabonyeza kila mtu mara moja, kama watu wazima.

— Sasa kwani tumebonyezaje? Balozi akauliza.

— Ndicho ninachouliza mimi. Wewe umebonyeza mara ngapi?

Balozi akakohoa. Akarekebisha kofia.

— Ofisini nilibonyeza. Kisha nikabonyeza nyumbani, kwenye simu.

— Mara mbili! Kwa nini?

— Ofisini nilibonyeza kama makamu mwenyekiti.

Mirko alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kwenye suruali. Vera hakucheka.

— Na wewe unacheka nini, Mirko? Umebonyeza?

— Nimebonyeza.

— Wewe?! Balozi akapaza sauti. Wewe si wa Mtakatifu Nikola?

— Imeandikwa "Nitakuja". Na mimi nakuja. Magda ndiye aliyemfundisha binti yangu kusoma, wakati walimu wote wamekata tamaa naye. Sasa nikae nyumbani nifanye nini? Nitakaa nyuma, sitasumbua mtu.

Hapo ungemgombeza kwa lipi? Ferika akampigapiga goti.

— Na binamu yangu wa Haifa, kule Israeli, alinipigia, Ferika akasema polepole, kama mtu anayeanza kuelewa. Naye alibonyeza.

— Anakuja?

— Atoke Haifa? Alibonyeza kwa upendo.

— Lacko? Vera akauliza.

— Lacko hajui hata simu inawashwaje, nikasema. Mwanawe alibonyeza ya baba na yake. Hizo halali. Na mimi moja. Naapa moja.

Ilikuwa kweli, ingawa sidhani waliniamini. Tukamgeukia Ferika. Alikuwa anazungusha chupa ya rakija mikononi.

— Mimi nimejibonyezea, akasema. Halafu nikambonyezea Lajcho.

— Ferika, nikamwambia. Lajcho tumemzika Februari.

— Najua. Si nilishika jeneza? Lakini Lajcho hajawahi kukosa sala hata siku moja. Kidole kilikwenda chenyewe.

Nilimwona Ferika wa mwaka jana, na lile koti.

— Na mimi pia nimebonyeza, Vera akasema.

Balozi akamgeukia. Sauti yake ilishuka, na alijitahidi iwe ya upole, hilo nalikubali.

— Dada Vera, unajua mwenyewe utaratibu wa kwetu. Wanaume ndio...

— Naujua utaratibu. Nilikuwa najaribu kama kitufe kinafanya kazi.

— Kilifanya? Ferika akauliza.

— Kilifanya.

Alisema hivyo huku anafungua kompyuta na kuifunga tena bila kutazama kitu. Nitasema nilichokiona: mwanamke aliyetufungulia mlango ambao yeye mwenyewe akiuingia hahesabiwi. Wafuga nyuki, baada ya kuwatengenezea tovuti yao, walimpa kofia yenye wavu na kura kwenye mkutano mkuu. Sisi tulimpa keki.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la zimamoto. Balozi alisimama, akaanza kupiga simu, na lazima niseme, alipiga simu kwa bidii. Mmoja alikuwa kwa binti yake Subotica. Mwingine ametoka kupasuliwa jicho. Wa tatu alimwambia, "Lakini niliona taa ni ya kijani, nikajua mmeshatimia, nikavua viatu." Balozi aliitazama simu kana kwamba imemtukana.

Waliokuja walikuja. Walipita ndugu wawili akina Blau, wasioongea wao kwa wao ila hukaa kiti kwa kiti. Alipita daktari Hercog, aliyeng'oa meno ya nusu ya mji huu. Alipita Lacko, akihema, na mwanawe. Waliingia ndani, tukasikia viti vikivutwa. Ferika kila mlango ulipofunguka aligeuka, na kila ulipofungwa aliinama.

— Tumpigie binamu wa Haifa kwa picha, Mirko akasema. Tumwegeshe kwenye kiti.

— Simu haina mwili, Balozi akasema.

— Na binadamu kwenye simu?

— Mwili wake uko Haifa!

— Basi tumkopeshe mtu mmoja. Mimi nibadilike kwa saa moja. Kesho nitarudi kwa Mtakatifu Nikola, wala hatajua.

— Mirko, inachukua miaka. Na kuna kutahiriwa.

— Basi tuliache hilo.

Balozi alikuwa amechanganyikiwa sasa. Alitembea mpaka mlangoni, akarudi.

— Kuna waliowahi kusema, akaanza, zamani hizo, kwamba wakipungua kidogo sana, kabati la Torati linaweza kuhesabiwa kujazia.

— Kabati? Vera akasema.

— Nimesema kuna waliosema.

— Kabati la mbao linaweza. Mimi siwezi.

— Hawakukubaliwa! Nimesema tu waliwahi kusema!

— Nimesikia, Balozi. Kabati.

Bosa alifunga dirisha la kibanda taratibu, jambo ambalo halijawahi kutokea kukiwa na ugomvi wa kusikiliza.

Hapo ndipo mgeni alipokata kona ya barabara. Alikuwa bwana wa makamo, mwenye kofia ya sufi na begi dogo, anatazama simu, anatazama ukuta, anatazama simu tena. Akainamisha kichwa upande mmoja, akatabasamu.

— Samahani, akasema. Ndiyo nyumba yenye ule mlango uliopinda?

— Haujapinda! Balozi akasema. Picha ndiyo iliyopinda.

— Ni hapa, Vera akasema. Karibu.

— Naitwa Gavro Polak. Nilikuwa safarini naelekea Segedin. Asubuhi kwenye basi nikafungua tovuti yenu, nikakuta taa nyekundu. Nikasema, nishuke. Marehemu baba yangu alikuwa anasema akiona chumba kimepungukiwa hawezi kukipita.

Ferika alisimama, akamshika mkono mgeni wa watu, asiuachie. Mimi nilimpisha kwenye benchi. Bosa alifungua dirisha, akammiminia kahawa, akainamisha kibirika mpaka machicha yakaonekana.

— Hiyo ndiyo ya mwisho, akasema.

Bwana Polak alikunywa, akafurahi, akatutazama mmoja mmoja.

— Kwani mko wangapi? akauliza.

Ninyi mngejibu nini? Mirko alifumbua mdomo, akaufumba. Vera alitazama viatu vyake. Mimi, niliyehesabu vidonge miaka yote ya utu uzima wangu bila kukosea, nilijikuta nasafisha miwani. Hakuna aliyejua, na ambaye angeweza kujua hakuthubutu.

Ipo njia moja ya kwetu, na Balozi aliijua. Kuna aya yenye maneno kumi. Unaisema, kila mtu unampa neno lake. Humhesabu mtu, unagawa maneno tu. Balozi akasimama mlangoni, akachungulia ndani, akaanza kunong'ona. Akina Blau wakapata maneno yao. Hercog, Lacko na mwanawe wakapata yao. Akageukia benchi. Akajipa mwenyewe, akiweka mkono kifuani. Akanipa mimi. Akampa Ferika. Akampa mgeni.

Neno la mwisho likabaki.

Balozi aliangalia barabara, juu mpaka stesheni, chini mpaka mtoni. Hakuna aliyekuwa anakuja. Jua lilikuwa limebaki ukanda mwembamba kwenye paa la zimamoto. Mirko alivua kofia bila sababu. Niliogopa kumtazama Ferika.

Ferika hakukaa. Alikuwa bado amemshika mgeni mkono. Aligeuka, akamtazama Vera machoni, akalisema lile neno la mwisho. Alilisema vizuri, kwa sauti ya kutangaza stesheni.

— Ferika, Balozi akasema. Hilo huwezi...

— Nimeshalisema.

— Kuna utaratibu.

— Mwaka jana tuliufuata. Nilikwenda nyumbani na utaratibu, na Magda hakusomewa.

Vera alikuwa amekaa vilevile, kompyuta mapajani, mikono juu yake. Balozi naye alikuwa amesimama katikati ya mlango, mahali alipozoea kusimama maisha yake yote. Yeye si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na baba aliyeiona ile karatasi.

Bwana Polak, ambaye hakuelewa kinachoendelea, alitupa macho huku na huku.

— Samahani, akasema tena. Labda sikusikia. Mko wangapi?

Balozi alimtazama mgeni, akamtazama Vera. Kisha akasogea, akaegemea kizingiti upande mmoja, akaacha nafasi pana ya kutosha mtu na kompyuta yake kupita.

— Ingieni, akasema. Jua linazama.

Vera akainuka. Mirko alituacha tutangulie, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango wa jiko, kofia magotini. Mkiniuliza na nyinyi tulikuwa wangapi jioni ile, mimi sitamhesabu mtu hapa. Kadishi ya Magda ilisomwa mpaka mwisho, na waliokuwemo wakaitikia amina.